Paki za michezo na watoto watatu: nyie mnapangaje likizo miaka ikienda? Tupo Dodoma

MamaWatatu wa Kisasa

Wakuu habari za jioni, poleni na upepo maana huku Kisasa leo nimefagia baraza mara tatu na vumbi liko pale pale.

Naomba ushauri kwa waliowahi kupeleka watoto kwenye paki za michezo, zile kubwa zenye slaidi za maji, rola kosta, vigari vya kugongana na kadhalika, iwe Dar au nje ya nchi. Siulizi safari ya siku moja, nauliza mnazipangaje kwa miaka, maana wangu wako watatu na wamepishana sana, wa kwanza wa kike ana miaka 10 yuko darasa la tano, wa pili wa kiume ana 7, na kitinda mimba ana miaka 2 na nusu.

Kilichonisukuma kuandika ni cha Desemba iliyopita. Tulijikusanya tukaenda Dar siku nne, tukafikia kwa mama yao mkubwa Tabata, siku ya tatu tukawapeleka sehemu moja ya michezo ya maji, jina silitaji. Huyu wa kiume wiki nzima alikuwa anatuonyesha slaidi kwenye simu, hii baba, hii ndo nitaanza nayo. Tumefika, tumepanga foleni jua kali, zamu yake imefika, kijana anayesimamia pale akamsimamisha kwenye ubao wenye alama za urefu. Mwanangu akanyanyua visigino. Yule kijana akamwekea kiganja kichwani akamwambia taratibu shusha miguu, akashusha, kichwa kikabaki chini ya mstari kama upana wa vidole viwili. Hakulia pale, aliingia kwenye ngazi akashuka akaenda kukaa kwenye taulo. Dada yake akapanda mara moja peke yake, akarudi akakaa naye na hakupanda tena siku hiyo. Yule kijana simlaumu, anafanya kazi yake ya usalama, ila nilijisikia vibaya sana kwasababu kupiga simu kuuliza urefu ingenichukua dakika mbili.

Sasa nyumbani hatujaelewana. Baba watoto anasema tutulie kabisa, tukusanye hela miaka mitano mdogo akue, alafu twende wote mara moja sehemu ya maana hata Disney huko Marekani. Mimi nikihesabu naona miaka mitano mbele wa kwanza ana 15, yuko kidato cha tatu, pengine bweni, atakuwa anataka kuwa na wenzake sio na sisi. Na huyu wa kiume ndo kwanza ana hamu sa hivi.

Hela yetu ni ya kawaida, mimi nina duka la vitabu na fotokopi, baba ni mwajiriwa. Nipo kwenye mchezo wa kina mama kumi, elfu 30 kila wiki, ikifika zamu yangu napokea laki 3, na tuna kibubu ambacho watoto wenyewe wanaweka chenji. Je ni bora safari ndogo kila mwaka au kubwa moja? Na mngekuwa nyie mngeanza wapi na kumalizia wapi?

Mzee wa Ilazo

Mama Watatu, hongera kwa kufikiria mapema. Mimi wanangu ni wakubwa sasa, wa mwisho yuko chuo, lakini hili jambo nimelifanya kuanzia 2008 mpaka 2017 na nina daftari la kaunta ambalo niliandika kila safari, kwahiyo nakwambia kitu ambacho kiko kwenye maandishi.

Msisubiri miaka mitano. Namheshimu mzee mwenzangu hapo nyumbani na nia yake ni njema, ila hela inaweza kusubiri na urefu wa mtoto hausubiri. Chukua karatasi andika umri wa watoto wote watatu kwa kila mwaka kwenda mbele, alafu tafuta ile miaka ambayo wote watatu wanaweza kufurahi sehemu moja siku moja. Kwa wako naiona ni kama kuanzia mdogo akiwa na 5 na mkubwa 12 au 13. Kabla ya hapo mdogo anabebwa tu na mama anakaa kivulini na chupa ya uji, na baada ya hapo mkubwa ameshaondoka moyoni hata kama mwili mmekaa naye basi moja. Hiyo miaka miwili mitatu ndo uiwekee safari kubwa, na hii ya kabla yake ifanye ya mazoezi.

Sisi tulianza na Kunduchi Wet 'n' Wild, mwaka 2008, wangu walikuwa na miaka 9, 5 na 2. Wakati huo ni basi la saa 12 asubuhi kutoka Dodoma, unafika Dar jua linaelekea kuzama, watoto wametapika Gairo na Chalinze. Kesho yake asubuhi kabla ya paki tukapita ufukweni kwanza maana hakuna hata mmoja aliyewahi kuona bahari. Yule wa miaka 5 akachota maji kwa kiganja akanywa kabla mama yake hajamuwahi, akatulia, akasema baba mbona ni kama maji ya bomba ya nyumbani. Wote mnaoishi hapa mnajua maji yetu ya visima yalivyo na chumvi. Nimeandika sentensi hiyo kwenye daftari siku ile ile.

Kitu cha pili nilichojifunza, kiingilio sio gharama. Gharama iko ndani. Chipsi, soda, picha, boya la kukodi, kabati la kuwekea nguo. Mwaka wa kwanza nilipanga kiingilio na nauli tu, tukarudi Dodoma nina elfu 4 mfukoni na watoto wana njaa njia nzima. Toka hapo kila mtoto nilikuwa nampa bahasha yake asubuhi, hela ya siku nzima iko humo, akimaliza amemaliza. Utashangaa mtoto wa miaka 7 anavyoweza kukaa dakika kumi mbele ya friji la aiskrimu anafikiria.

La tatu na hili ni zito. Usiende sikukuu. Mwaka 2010 tulienda sehemu fulani siku ya Idi, watu wamejaa mpaka huoni maji, na yule wangu wa kati akapotea dakika arobaini. Mke wangu alikuwa anaita jina lake mpaka sauti ikakauka. Tulimkuta nyuma ya jiko la chipsi amekaa na mama mmoja anayemenya viazi, ameshapewa kisu kidogo anamsaidia. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya chipsi nakumbuka ile hofu. Kwahiyo kuanzia mwaka uliofuata fulana zote rangi moja ya njano, namba ya simu imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkono wa kila mtoto, na kitu cha kwanza tukiingia getini ni kuchagua mti au mnara tunaambiana ukipotea njoo hapa na usiondoke hapa. Fulana hizo mke wangu anazo kwenye sanduku.

Na pima watoto kwenye fremu ya mlango nyumbani, weka tarehe. Utajua lini wanaruhusiwa nini bila kubahatisha, na mtoto mwenyewe atakuwa anajua.

Zuhura Chang'ombe

Mzee umenitoa machozi na hiyo ya viazi.

Mama Watatu mimi naongeza la usafiri tu maana umri wa kutapika Gairo umepita. Toka treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwezi wa 7 mwaka 2024 sisi tumeacha basi kabisa tukiwa na watoto. Daraja la kawaida ni 31,000 mtu mzima, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 ni nusu, chini ya miaka 4 halipi ila unampakata. Kwahiyo nyie watano ni elfu 93 kwenda na elfu 93 kurudi, na mnafika Dar ndani ya masaa kama manne watoto wakiwa wazima kabisa wanaulizia chakula. Tena mahandaki yale ya upande wa Kilosa ni paki ya kwanza, wangu walikuwa wanahesabu kwa sauti behewa zima linasikia. Tiketi kata mapema mtandaoni, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu, shule zikifungwa siti zinaisha haraka sana. Na kumbuka mkubwa wako akigonga 13 nusu hamna tena, ni nauli nzima.

Kingine msilazimishe mtoto kupanda kitu. Wa kwangu wa pili anaogopa kelele, shemeji yangu alimbeba kwa nguvu akampandisha kwenye meli ile ya kubembea, mtoto alikaa mwaka mzima hataki kusikia habari za michezo hata pale Chinangali Park kwenye bembea za kawaida hasogei. Ilibidi tuanze upya taratibu, Jumapili moja bembea, Jumapili nyingine slaidi fupi ya mchanga.

Mwalimu Mkonze

Kama mwalimu naomba niseme la kalenda maana wazazi wengi wanapanga safari alafu wanakuja ofisini kuomba ruhusa.

Likizo ndefu ni mbili, ya Juni kuingia Julai na ya Desemba. Zile za katikati ni siku chache, safari ya mbali haikai. Darasa la nne wana mtihani wa taifa mwisho mwisho wa mwaka, kidato cha pili na cha nne ni Novemba, kwahiyo miaka hiyo Juni wengi wako kambi za masomo na mtoto akienda anakwenda na vitabu. Huyo wa kiume ukimhesabia utaona mwaka wake wa darasa la nne hauko mbali.

Ila kuna nafasi watu hawaioni. Mtoto akimaliza mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwezi wa 9 yuko nyumbani mpaka Januari aingie kidato cha kwanza. Miezi hiyo hana homework, hana tuition, na bado ni mtoto. Wadogo zake wakifunga shule mwanzoni mwa Desemba mko wote watano na hakuna anayeibia masomo. Binti yako akifika hapo atakuwa na 12 kuelekea 13, mdogo 5. Ni miaka ile ile aliyoitaja Mzee wa Ilazo, na mimi ningeiwekea alama nyekundu kwenye kalenda.

BabaPacha

Nawasalimu wote kutoka Nkuhungu. Naona mnaruka kutoka Dar mpaka Marekani, katikati hapo kuna Afrika Kusini.

Sisi tulienda Johannesburg Desemba, pacha wangu walikuwa na miaka 9. Mtanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa matembezi mpaka siku 90, hilo peke yake limeokoa hela na presha. Pasipoti ni 150,000 kila mmoja na watoto pia wanakuwa na zao, kwahiyo kwa nyie watano ni laki 7 na nusu, anzeni na hiyo mapema ikae ndani maana pasipoti hamtaitumia mara moja. Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kama anasafiri mzazi mmoja awe na barua ya mwenzie ya kuridhia, mambo ya watoto mipakani wanayaangalia kwa makini na wana haki.

Gold Reef City ndo tulienda. Imejengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu, nyumba zake zimejengwa kufuata Johannesburg ile ya mwanzo, baada ya dhahabu kugunduliwa 1886. Kuna rola kosta inaitwa Anaconda, viti vinaning'inia chini ya reli miguu iko hewani, na pacha wangu mmoja alifaulu ubao wa urefu mwingine akakosa kidogo, yaani pacha! Bahati nzuri niliwapima nyumbani nikawaambia kabla, tukakubaliana aliyeruhusiwa atapanda mara moja tu alafu wataendelea na vya pamoja.

Ila kilichokaa kichwani mwao sio rola kosta, ni kushuka mgodini. Mnapewa kofia ngumu na taa, mnashuka na lifti ya wachimbaji kwenda chini ya ardhi. Chini kule yule anayetuongoza akatuambia tuzime taa zote. Giza lile sijawahi kuliona, mkono uko usoni huuoni. Nikahisi vidole vidogo vinatafuta mkono wangu wa kulia, alafu vingine vinatafuta wa kushoto. Wiki nzima baada ya kurudi wakawa wanauliza babu zetu waliokwenda kwenye migodi ya Sauzi walikuwa wanakaa gizani vile siku nzima. Mzee wangu alikuwepo, akawasimulia habari za wajomba zake ambao hakuwahi kuwasimulia mtu. Na jirani kabisa na hiyo paki kuna makumbusho ya ubaguzi wa rangi, Apartheid Museum, kwa mkubwa wako wa 12 inafaa, kwa wa miaka 5 hapana.

Tahadhari ya msimu, Juni na Julai kule ni baridi kali kweli, michezo ya maji haina raha. Desemba ni joto ila mchana jioni radi na mvua, kwahiyo vile vikubwa pandeni asubuhi. Na angalieni siku za kufungua kabla ya kukata tiketi maana nje ya likizo zao hawafungui kila siku.

Mgogo wa Florida

Mbukwenyi ndugu zangu. Mimi ni wa Chamwino, naishi karibu na Orlando mwaka wa kumi na mbili sasa, na nyumba yangu ndo hoteli ya kila ndugu anayekuja kuona Disney kwahiyo nina ya kusema na nitaomba mniwie radhi kwa urefu.

Kwanza mjue Disney ya Florida sio paki moja. Ni nne. Magic Kingdom ya 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Kila moja ni siku nzima ya kutembea, na tiketi ya kawaida ni paki moja kwa siku. Watu wanatoka mbali wanataka kumaliza zote kwa siku mbili, watoto wanalala kwenye lami. Bei ya tiketi inabadilika kwa tarehe toka 2018, wiki ya Krismasi mpaka mwaka mpya ndo ghali na ndo imejaa kuliko zote. Mwalimu Mkonze amesema shule zinafunga mwanzoni mwa Desemba, hapo hapo ndo penyewe, wiki mbili za mwanzo za Desemba Wamarekani wametoka kula sikukuu yao ya Novemba na bado hawajafunga kwa Krismasi, foleni zinapumua na jua sio la kuua. Juni njooni mkiwa mmejiandaa kwa joto la mvuke na mvua ya radi karibu kila mchana, na msimu wa vimbunga unaanza Juni 1 mpaka Novemba 30.

Kuhusu umri, chini ya miaka 3 anaingia bure, 3 mpaka 9 tiketi ya mtoto, na 10 anahesabiwa mtu mzima. Lakini Mama Watatu tiketi ya mtoto inapungua kidogo sana, usidhani ni nusu kama treni, kwahiyo usikimbilie kuja eti mdogo bado ni bure, utakuwa umeokoa tiketi moja umepoteza safari. Urefu nao, treni ya Seven Dwarfs ni sentimita 97, rola kosta za Space Mountain na Expedition Everest ni 112. Mtoto wa miaka 5 wengi wanavuka 97 na wengi hawavuki 112. Kuna utaratibu mzuri unaitwa Rider Switch, mzazi mmoja anapanda na wakubwa mwingine anabaki na mdogo, alafu wanabadilishana bila kupanga foleni ndefu upya, na mtoto mkubwa anaweza kupanda tena na mzazi wa pili. Uliza mlangoni mwa kila mchezo. Zamani kulikuwa na tiketi ya bure ya kuruka foleni, ilishaondoka, sasa inaitwa Lightning Lane na inalipiwa, kwa familia ya watano hela yake sio ndogo. Sisi huwa tunafika kabla geti halijafunguliwa, tunapanda vikubwa saa ya kwanza, inatosha.

Viza ndo ukweli wenyewe. Ada ya maombi ni dola 185 kila mtu, watoto wamo, na hairudishwi ukinyimwa, kwa watano ni dola 925 kabla hujaona ndege. Na masharti kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika, someni tovuti ya ubalozi siku hiyo hiyo mnayotaka kulipa, msitegemee niliyoandika mimi wala mtu mwingine. Kwa hilo naungana na BabaPacha, Sauzi kwanza.

Lakini mkija, Animal Kingdom msiikose. Ndani yake kuna kijiji wamekijenga kama mji wa pwani ya Afrika Mashariki, kinaitwa Harambe, wameandika kwa e moja. Kuna duka la kahawa linaitwa Kusafiri, kuna baa inaitwa Dawa, na safari ya gari inaitwa Kilimanjaro Safaris. Mama yangu alikuja 2019, ana miaka 67, hajawahi kupanda ndege maisha yake. Mwanangu wa kwanza kazaliwa huku, Kiswahili anaelewa ila kuongea anaona aibu. Kufika pale akaanza kusoma vibao kwa sauti, kimoja baada ya kingine, anamsomea bibi yake, na bibi anamrekebisha matamshi, wakawa wanatembea wameshikana mkono wanasoma ukuta mzima. Watu wanatupita wanakimbilia foleni, sisi tuko ukutani nusu saa.

Alafu tukapanda gari la safari. Twiga wa kweli, tembo wa kweli. Tukapita kwenye mbuyu mkubwa, mama akainuka nusu kwenye kiti akaushangaa sana, akaniambia kwa Kigogo huu mbona hauna ubuyu hata mmoja. Nikamwambia mama, huu ni wa kutengeneza, ni saruji. Akanyamaza mpaka gari limefika mwisho. Usiku tukiwa tunakula akasema wametengeneza mbuyu kwa saruji ili watu walipe kuja kuuona, na sisi kwetu tunaipita kila siku tukienda sokoni. Alivyorudi Chamwino akanitumia picha yuko chini ya mbuyu wa pale nyumbani, wajukuu wa huko wote wamesimama wamezunguka shina mikono imeshikana, nimeitundika sebuleni.

Kwahiyo naomba kabla ya kuja huku watoto wawe wameshaona Mikumi. Mkishuka Morogoro na treni sio mbali, na Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi. Wakiona twiga wa Florida wawe wanamfananisha na wa kwao.

Zuhura Chang'ombe

Mgogo wa Florida hiyo ya mbuyu nimemsomea mama yangu hapa, ameomba nirudie.

MamaWatatu wa Kisasa

Wakuu nimesoma zote na baba watoto nimemsomea, tumekaa mezani mpaka saa tano usiku na karatasi ya umri kama Mzee wa Ilazo alivyosema. Alivyoona ule mstari wa mwaka ambao mkubwa ana 15 akaukata mwenyewe kwa kalamu, hakubishana tena.

Tulichokubaliana ni hivi. Juni hii ni treni mpaka Morogoro na Mikumi, siku mbili, fupi, mdogo tunambeba. Desemba ni Dar na slaidi. Mwaka unaofuata tunaanza pasipoti kidogo kidogo, kila zamu yangu ya mchezo ikifika zinatoka mbili, na akimaliza binti shule ya msingi ndo Johannesburg, Desemba ile ile aliyoitaja Mwalimu. Marekani tumeiandika chini kwa penseli, tutaona masharti yanavyokwenda. BabaPacha nitakutafuta nijue mlifikia wapi na bei za malazi. Mzee wa Ilazo, bahasha kila mtoto nimeipenda sana, na kitambaa cha njano nimeshakiulizia sokoni Majengo.

Jana jioni tumewapima kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Binti mkubwa 138. Mdogo 90, alikataa kusimama wima mpaka kaka yake alipomshikia mabega. Wa kiume 118 na nusu. Akaniuliza ile ya Desemba ilikuwa inataka ngapi, nikamwambia mchana nimepiga simu nimeuliza, ni 120. Akaomba rula, akachora mstari wa 120 juu ya wake, alafu akaweka kidole chake katikati ya ile mistari miwili. Kikaenea.